Hukumu za Daktari wa Ng'ombe

Alikuja kwenye meza yetu akiwa amevaa buti za mpira, na kabla hajaketi alikuwa ameshawachekesha watu ambao mimi nilikuwa nimewakusanya kwa jasho langu. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalokumbuka juu yake, na hadi leo linaniwasha.

Sote tulimwita Daktari. Alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke mrefu wa mabega mapana, anayezunguka mashamba ya Uasin Gishu na pikapu iliyonuka dawa ya kupe. Jumamosi alasiri, akishamaliza ng'ombe wa watu, alipitia Kimumu, mtaani Eldoret, kwenye chumba cha nyuma cha mkahawa mmoja, mahali tunapochezea kadi.

Kadi zenyewe si zile za karata. Hizi ni za kununua na kukusanya, zenye picha na maandishi, na kila mchezaji hujipangia pakiti yake anayoiita deki. Deki huongozwa na kiongozi: kadi moja inayolala wazi mbele yako tangu mchezo uanze mpaka uishe. Kadi nyingine zote humtumikia yeye. Kiongozi mmoja hupenda vita, mwingine huiba, mwingine hukaa kimya akijenga ukuta. Kila baada ya miezi kadhaa viongozi wapya hutolewa, na kila mara swali huwa lile lile: yupi kati yao anafaa?

Mimi nauza simu na vifaa vyake mjini. Kadi za kwanza ziliingia Eldoret kwa mkono wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha Mwalimu Kiprop, anayesomesha hesabu, naye akaleta wenzake. Mimi ndiye niliyemwomba mwenye mkahawa chumba. Na swali la yupi anafaa nililijibu mimi, kwa miaka, nikieleza kwa utaratibu kiongozi huyu anashinda vipi, anashindwa na nani, kadi gani zimfuate. Watu walinisikiliza. Wengine waliuliza maswali.

Kisha akaja Daktari, akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Sawa, Mwenyekiti, ana nguvu, nimesikia. Lakini ni raha?"

Mwenyekiti ni jina alilonipa yeye siku hiyo, na wote wakalidaka. Mpaka leo sijui kama lilikuwa la heshima au la kunitania.

Namna yake ya kumpima kiongozi mpya ilikuwa ya ajabu. Hakusoma maoni ya mtu yeyote kwanza. Alimweka kiongozi mezani, akamtazama usoni kwa muda kama anayetazama ng'ombe aliyeletwa na mtu asiyemwamini, kisha akaanza kucheza. Alicheza naye mpaka ashindwe. Akishinda, aliomba mchezo mwingine, na mwingine, mpaka apigwe vizuri. Hapo ndipo alipotoa hukumu.

"Ukishinda utafurahi hata na kiongozi mbovu," alimwambia Kiprop. "Mimi nataka nijue nikishindwa nitasikia aje. Nikipigwa na bado nataka kuchanganya kadi tena, huyo ni mzuri."

Hukumu zake zilikuwa fupi, na watu walizirudia wiki nzima. Juu ya kiongozi mmoja mwenye sheria nyingi alisema, "Huyu ni kama kukaa na mtu wa bima." Juu ya mwingine, ambaye hafi hata ukimfanyaje, alisema, "Mgeni aliyekula, akashiba, na hajui mlango uko wapi." Kulikuwa na mmoja tuliyemwita Mpiga Filimbi, dhaifu kabisa, ambaye kazi yake ni kufunua kadi ya juu bila kujua itakuwa nini na kuitumia hapo hapo. Mimi nilikuwa nimeshasema hafai. Daktari alimcheza alasiri nzima, akapigwa vibaya, akapiga meza kwa kiganja mpaka chai ikamwagika.

"Huyu!" alisema. "Huyu anakufanya ujione mjanja hata ukifanya upuuzi. Nampenda sana."

Wiki iliyofuata meza nzima ilikuwa ya Wapiga Filimbi. Walipigana wakicheka, walio dhaifu dhidi ya walio dhaifu, nami nilikaa pembeni na deki yangu yenye nguvu nikikosa wa kucheza naye.

Kisa cha Mfalme wa Chumvi ndicho kilichonikata zaidi. Huyo nilimchunguza mwenyewe mtandaoni kabla hajafika madukani, nikawaambia watu ndiye kiongozi mwenye nguvu kuliko wote waliowahi kutoka. Sikukosea, kwani alishinda karibu kila mchezo. Wakili mmoja wa Elgon View, anayekuja kwa gari la kung'aa na kununua kila kitu kwa maboksi, alinunua kadi zote zinazoenda naye kwa neno langu. Daktari alimcheza, akashinda, akashinda tena, mwishowe akasukuma kadi mbele kama sahani ya chakula kilichopoa.

"Huyu ananishindia," alisema. "Mimi mwenyewe sina kazi hapa. Ningeenda kunywa chai na yeye angeendelea."

Wakili alimtazama Mfalme wake, akatazama boksi la kadi alizonunua kwa ajili yake. Sikumwona akimcheza tena. Na jambo la kuudhi ni kwamba nilipofika nyumbani na kumjaribu Mfalme peke yangu, nikicheza pande zote mbili, nilipiga miayo.

Nilijaribu kuwa kama yeye, na sioni kwa nini mtu asijaribu. Kiongozi mpya alipokuja, nilimcheza, nikashindwa, nikapiga meza kwa kiganja, nikacheka kwa sauti.

Kiprop aliinua macho. "Mwenyekiti, uko sawa? Umeumwa na kitu?"

Haikuwa kwamba Daktari alikuwa mchezaji bora. Hilo nataka lieleweke. Nilimshinda mara nyingi, na kwa haki. Kila nilipomshinda alinishukuru, akaniuliza nilifikiria nini pale kati alipodhani amenibana, akanisikiliza mpaka mwisho. Nikiondoka na ushindi nilijikuta sina cha kushika. Ni kama kumpiga mtu ngumi na yeye akusifie mkono.

Mtu angedhani mpenda raha wa aina hiyo ni mpenda raha kila mahali. Hapana. Tukialikwa harusi, alikaa ndani ya pikapu, mlango wazi, akila sahani yake huko huko. Muziki ulimchosha. Jumapili hakugusa kadi, hata kuzizungumzia hakutaka, na chakula akikiombea aliacha macho wazi, kwa sababu, alisema, amezoea kusali karibu na miguu ya nyuma ya ng'ombe. Kwa wakulima alikuwa mkali. Nilikuwepo siku moja simu ilipoingia, mzee fulani akimweleza juu ya ndama aliyelala siku nyingi bila kuinuka, na Daktari alimkemea mpaka mkahawa mzima ukanyamaza. Kisha akarudi mezani, akachukua kadi zake, na alipomshambulia Kiprop alisema kwa upole, "Pole, Mwalimu, nakupiga kidogo." Aliomba radhi kwa kila shambulio. Hakuwahi kumwomba radhi mkulima.

Tena kulikuwa na drafti. Nje ya mkahawa walinzi wa duka la jirani hucheza drafti kwa vifuniko vya soda, na Daktari alikaa nao wakati mwingine akisubiri chumba kifunguliwe. Pale alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliuma mdomo wa chini, hakusema, na akipoteza aliingia ndani bila kutusalimia. Nilifurahi nilipogundua hilo. Nilimwuliza mbele ya watu wote, nikitaka aaibike kidogo.

"Daktari, si ulisema kushinda si kitu? Mbona drafti inakuvuruga?"

"Drafti ni vita," alisema. "Kila mtu anaanza na vitu sawa na mwenzake. Ukipigwa, ni wewe umepigwa. Hapa tunapigwa na vitu vingi, Mwenyekiti. Bahati, picha, kiongozi, njaa. Ndiyo maana tunaweza kupumzika."

Watu waliitikia kwa vichwa. Hata swali langu la kumchoma liligeuka jukwaa lake.

Lakini yote hayo ningeyameza kama si mke wangu.

Njeri hakupenda kadi. Tulipokuwa tumeoana karibuni nilimkalisha nikamfundisha, nikamweleza kila sheria kwa mpangilio, na katikati ya maelezo akaniambia ameacha maharagwe jikoni. Hakurudi. Sikumlaumu. Nilijiambia kuna watu wa kadi na kuna watu wasio wa kadi, tukaishi vizuri hivyo, kila Jumamosi yeye kwake na mimi Kimumu.

Kisha alikuja siku moja kunichukua tuende kumwona mgonjwa, akafika mapema. Daktari alimwona amesimama mlangoni na mkoba.

"Mama Wanja, kuja unisaidie hapa," alimwita. Wanja ni binti yetu. "Shika hizi. Usiniulize sheria. Niambie tu yupi kati ya hawa ungependa aje nyumbani kwako."

Njeri alicheka akiziba mdomo kwa mkono. "Huyu mwenye kofia."

"Basi mtupe hapo. Ona sasa. Umeniokoa!"

Mgonjwa tulimwona tukiwa tumechelewa. Jumamosi iliyofuata Njeri alijitengenezea chai ya mapema, akavaa sweta, akaniuliza kama tunaenda au hatuendi. Alikaa upande wa Daktari, si upande wangu. Alijifunza mchezo wote pale, bila mtu kumweleza chochote kwa mpangilio, akauliza tu pale alipokwama. Nilikuwa nikisikia kicheko chake kutoka upande wa pili wa meza huku nikijifanya nafikiria hatua. Nilikijua kicheko hicho. Nilikisikia sana kabla hatujaoana, halafu kikawa cha wageni na cha simu. Sasa kilikuwa kinatoka bure, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa ajili ya mwanamke aliyenuka dawa ya kupe.

Tukirudi nyumbani nilimwuliza, "Kwani nilipokufundisha mimi kulikuwa na ubaya gani?"

Alifikiria kwa haki, maana yeye ni mtu wa haki. "Hakukuwa na ubaya. Ulikuwa unanifundisha nisikosee."

Nilikazia macho barabara.

Siku moja mfanyabiashara mmoja wa Nairobi anayeleta kadi nchini alinipigia simu. Alitaka mtu mmoja huku kwetu awe anatumiwa viongozi wapya kabla hawajatoka, awacheze, aseme nani anapendeza na nani hapendezi, ili maduka yajue ya kuagiza. Nilijua amenipigia kwa sababu gani. Alisema angekuja kutuona, nami nikafagia chumba cha mkahawa mwenyewe. Siku aliyokuja nilivaa shati jipya, nikamweleza juu ya viongozi mmoja mmoja, nguvu zao na udhaifu wao, naye akasikiliza kwa adabu. Kisha Daktari akaingia na buti zake, akamtupia kadi, akamwambia acheze kwanza azungumze baadaye. Ndani ya muda mfupi yule bwana alikuwa amelegeza tai.

Aliposimama kuondoka alimgeukia yeye. "Ningependa ziwe zinakuja kwako, Daktari."

"Kwangu wapi? Kwa pikapu?" Daktari alicheka. "Mimi niko na ng'ombe. Mpe Mwenyekiti. Ndiye anajua kutunza vitu."

Basi zikaanza kuja dukani kwangu, zikiwa na jina langu juu ya boksi. Mtu wa nje angeona nimeshinda. Lakini kila mtu mezani alijua boksi lile linapitia tu kwangu, kama barua zinavyopitia posta. Nilipewa kiti na mtu ambaye hakukihitaji. Heri angeking'ang'ania.

Ndipo ng'ombe alipomvunja mkono. Ilikuwa shamba moja kubwa karibu na Moi's Bridge. Alikuwa akimdunga sindano fahali aliyefungiwa kati ya mbao, fahali akajitupa upande, na mkono wa kulia wa Daktari ukabaki katikati ya mwili ule na mbao. Mfupa ulishikana baada ya muda, lakini vidole viwili havikurudi kufanya kazi vizuri. Aliacha kuendesha safari ndefu. Alikuwa na nyumba yake huko Moi's Bridge, nyuma ya maghala ya mahindi, akawa anakaa huko, akiwaelekeza madaktari vijana kwa simu na kuwakemea wakulima kwa simu vilevile.

Nilisikitika kwa dhati. Pia, kwa dhati hiyo hiyo, nilidhani sasa Jumamosi zitarudi kuwa zangu.

Hazikurudi. Nilikuwa nikifungua boksi jipya mezani, nikianza kueleza, na Kiprop, mtu niliyemfundisha kwa mikono yangu, ananikatiza kwa upole: "Na Daktari amesema aje?" Alipokuwa nasi angalau ningeweza kumpinga. Alipokosekana akawa hakosei kabisa.

Mwezi uliopita tulikwenda Moi's Bridge kununua mahindi, mimi na Njeri. Boksi jipya lilikuwa ndani ya gari. Njeri ndiye aliyesema tukimpita Daktari bila kumwona tutakuwa tumefanya dhambi.

Tulimkuta barazani. Alikuwa amepungua mabega. Alimkumbatia Njeri kwa mkono mmoja, akanipa mimi wa kushoto.

"Karibuni. Mwenyekiti, umeniletea?"

Fundi alikuwa amemchongea ubao wenye mfereji, anausimamisha mbele yake na kupachika kadi humo. Njeri aliingia jikoni kupika chai, maana Daktari hakuweza kuinua sufuria iliyojaa. Tukabaki wawili, na kati ya viongozi wapya yeye akachagua mmoja tuliyempa jina la Msusi.

Msusi hana haraka. Huchukua kadi zilizotupwa, zake na za mwenzake, akazisuka chini yake moja moja. Kwa muda mrefu hufanyi lolote la maana. Unapigwa, unapungua, unatupa, unasuka. Kisha, ukifika mbali ya kutosha, unavuta uzi mmoja na kila kitu kinarudi mezani pamoja. Mimi nilikuwa nimemcheza wiki nzima dukani, peke yangu, pande zote mbili, nikimwacha mteja asubiri. Mara nyingi nilikuwa nimeshindwa vibaya nikiwa naye, na kila mara nilikuwa nimechanganya kadi tena. Sikuwa nimemwambia mtu.

Daktari alimcheza mara ya kwanza, akashinda. Mara ya pili nikampiga. Aliegemea kiti.

"Hapana," alisema. "Anasubirisha mno. Mtu atalala. Waambie si raha."

Nilianza kukusanya kadi, kama nilivyozoea. Kisha mikono yangu ikaacha.

"Umekosea, Daktari."

Alinitazama.

"Huko kusubiri ndiko raha yenyewe," nilisema, na nikasikia sauti yangu imepanda. "Unaona mwenzako anajaza meza, anakudharau, na wewe una kitu chini ambacho yeye mwenyewe amekitupa na amekisahau. Unaogopa atakumbuka. Wewe umecheza kama una haraka ya kwenda kwa ng'ombe. Hukumpa nafasi."

"Mimi niende kwa ng'ombe gani?" alisema, akiinua ule mkono.

Niliona haya, lakini sikufuta nililosema.

"Mimi huyu simpendi," akasema. "Siwezi kusema nampenda ili kukufurahisha."

"Sijakuomba."

"Na wewe unampenda kweli? Si kwamba ana nguvu?"

"Hana nguvu. Ni dhaifu sana. Nampenda."

Alinikazia macho vile alivyokuwa akimkazia kiongozi mpya, kisha akakuna kidevu kwa kidole kilichokufa ganzi. "Basi Jumamosi waambie tumetofautiana. Mimi siwezi kubadilisha." Njeri alileta chai. Tulizungumza juu ya bei ya mahindi na mvua. Wakati wa kuaga Daktari alisimama getini na hakuniita Mwenyekiti. Aliniita jina langu, nami nikashangaa kwamba alikuwa akilijua.

Tulikuwa tumekaribia mjini Njeri aliponiuliza.

"Mlikuwa mnagombana?"

"Tulitofautiana. Juu ya kiongozi mmoja. Yeye anasema hafai, mimi nasema anafaa."

"Yupi?"

"Hawezi kuelezwa," nilisema, na sijawahi kusema hivyo juu ya kadi yoyote. "Ni mpaka umcheze."

Tulipofika, kabla hata ya magunia kushushwa, alisukuma vyombo upande mmoja wa meza ya kulia. Nilimpa Msusi, mimi nikachukua deki ya kawaida. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni na niliyazuia yote. Alitupa kadi zisizofaa kutupwa, nikanyamaza. Alisuka vibaya, akajirekebisha. Nilimpiga mpaka akabaki na pumzi kidogo, na nikamwona anainua macho polepole, ananiangalia, anaangalia kilicholala chini ya Msusi, midomo imebanwa kama ya mtu anayeficha kitu. Akavuta uzi. Meza yake ilijaa. Hakunimaliza, nilikuwa na kadi moja ya kunusurika, na katika zamu iliyofuata nikamshinda.

Njeri alipiga ukelele, akaniangushia kadi zake kifuani, akacheka mpaka akashika kiti. Mimi pia nilicheka, na hakuna aliyeniuliza kama nimeumwa.

"Huyu ni mtamu!" alisema. "Ngoja kwanza. Changanya. Changanya tena."

Nilianza kuchanganya. Yeye alifuta macho kwa kona ya leso, akavuta simu iliyokuwa karibu na bakuli la chumvi.

"Unampigia nani?"

"Daktari," alisema, tayari ameiweka sikioni, anatabasamu kwa dirisha. "Nimwambie amekosea."